Nyanya za kwenye viroba zinachanua kisha maua yanapukutika. Tatizo nini wakuu? (Mbeya mjini)

#1 KijanaWaIlomba, 14 Julai
Wakuu, poleni na baridi.

Tuko washikaji wanne tumepanga nyumba moja Ilomba: mimi, jamaa wa bodaboda, fundi simu na dada wa saluni. Mwishoni mwa mwezi wa nne tulichoka kununua nyanya za mafungu, tukasema tulime uani. Uani kwenyewe ni sementi kuanzia ukutani hadi getini, kwa hiyo tumetumia tulivyokuwa navyo: viroba 14 vya salufeti, matairi mawili, ndoo tatu za rangi na beseni la saluni lililotoboka. Udongo tuliomba kwa jirani anayejenga, tukachanganya na samadi ya ng'ombe, koleo mbili za udongo kwa moja ya samadi.

Mboga za majani hatuna malalamiko. Chainizi na figili tumekula mpaka tumegombana. Shida ni nyanya. Zimefika kiunoni, majani ya kijani kizito, shina kama kidole gumba. Zinachanua vizuri tu, halafu baada ya siku nne tano kikonyo cha ua kinageuka njano pale kwenye kifundo, ukikigusa ua linabaki mkononi. Leo asubuhi nimeokota maua 23 chini. Tunda hata moja la kusingizia hakuna. Mbegu ni Moneymaker, zile ndefu.

Tatizo nini?

#2 NapitaTu
Siti ya mbele, kahawa yangu ya Mbozi mkononi. Ngoja waje.

#3 MamaMbogaSae
Mwanangu, nyanya za uani Mbeya, mwezi wa saba? Hiyo ni baridi, wala usihangaike kutafuta mchawi. Mimi nina mwaka wa kumi na moja kwenye meza ya mboga. Miezi hii nyanya ninazopanga zinakuja na gari, sijawahi kuona mtu wa mjini akaniletea ndoo ya nyanya Julai. Ng'oa, panda sukuma na karoti. Nyanya utarudia joto likirudi.

#4 dogo_wa_SUA
Mama kamaliza, naongezea kidogo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua ya nyanya inakuwa dhaifu. Ua halirutubishwi, basi mmea unalikata wenyewe, na unalikatia pale pale kwenye kifundo ulipopaona panageuka njano. Huo si ugonjwa. Usiku wa Julai Mbeya unaenda chini ya 10 bila kuomba ruhusa. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela kule ziwani ni kama 500. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza takriban nyuzi 6, kwa hiyo mwenzako wa Kyela amekuzidi nyuzi 7 hivi kabla hata hajamwagilia.

#5 MnyaluMtata
Kamwene. Hapo kwenye baridi siungi mkono. Sisi Iringa tuna baridi ya kutosha na nyanya za Ilula zinalisha watu mpaka Dar. Mbona hazipukutishi?

#6 dogo_wa_SUA
Ilula joto mkuu. Si kule bondeni kwenye vitunguu vya barabarani, kabla hujaanza kupanda mlima wa Kitonga? Nimepita pale najifutia jasho.

#7 MnyaluMtata
Hahaha dogo kalala kwenye basi. Penye vitunguu na jasho ni Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga. Ilula unaikuta ukishamaliza kupanda, unaelekea Iringa mjini. Njoo mwezi huu na hicho kifulana chako ulale pale, kesho utatuambia kama ni joto.

#8 dogo_wa_SUA
Nimekosea, nimepokea. Ila hata hivyo Ilula iko chini kuliko Mbeya. Halafu shamba la wazi linashinda kwenye jua kutwa, si sawa na kiroba kilichobanwa na ukuta. Mleta uzi, viroba vyako vinapata jua saa ngapi hadi saa ngapi?

#9 KijanaWaIlomba
Asubuhi kidogo, na jioni kidogo. Mchana kivuli cha nyumba kinatuzidi. Viko nyuma ya nyumba kwa sababu mbele mwenye nyumba anaegesha gari.

#10 MzeeWaForest
Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Dogo anasoma kipimajoto, mimi nasoma kivuli.

Niko Forest, hapa hapa Mbeya mjini, miaka mingi na nyanya nimezila Agosti, za hapa hapa nyumbani. Watu wanasahau kwamba jua la Juni na Julai kwetu halipiti utosini. Limelala upande wa kaskazini. Simama uani kwenye saa saba kasoro, ndio mchana wenyewe wa Mbeya kwa jua, siyo saa sita ya redio, utaona kivuli chako kinalala kusini. Nyumba ya futi kumi inatupa kivuli cha hatua mbili hivi upande huo. Viroba vilivyopangwa kwenye ukuta wa kusini vinakaa gizani kutoka Mei hadi Agosti. Ukuta wa kaskazini ndio wa nyanya. Tofali linakunywa jua mchana kutwa, usiku linarudisha joto taratibu kama chungu kilichoipuliwa. Mimi nilipanga madebe yangu kwenye ukuta wa jiko, tena nje ya pale jiko la mkaa linapokaa.

Kama hujui kaskazini iko wapi, tazama mlima Loleza.

#11 KijanaWaIlomba
Shikamoo mzee. Nimetoka nje kutazama. Loleza siuoni kabisa kutoka kwenye viroba, umezibwa na paa letu. Nadhani nimeshapata jibu.

#12 MzeeWaForest
Marahaba. Paa likikuzibia mlima, limekuzibia na jua.

#13 SamadiHalali
Msimpongeze mzee mapema. Rudini bandiko la kwanza: "majani ya kijani kizito, shina kama kidole gumba". Mmea wenye njaa ya jua unarefuka, unakuwa mwembamba na umepauka. Huu umenenepa! Huu umelishwa naitrojeni, chakula cha majani, mpaka umesahau kazi iliyouleta. Nyanya ikishiba majani haioni sababu ya kuzaa. Mleta uzi, sema ukweli mbele ya kadamnasi, uliweka mbolea ya dukani?

#14 KijanaWaIlomba
Samadi tu mkuu. Na yuria kidogo sana.

#15 BodaYaKabwe
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye jamaa wa bodaboda anayetajwa bandiko la kwanza.

"Yuria kidogo sana" ni kiganja kizima kwa kila kiroba. Mara mbili. Ya pili niliiona kwa macho yangu usiku, anamulika na simu, anasema "hizi nyanya zinatuchelewesha". Mfuko ulikuwa wa kilo mbili, nimeubeba mimi kwenye pikipiki kutoka Mwanjelwa. Sasa hivi umebaki wa kutosha chai.

#16 NapitaTu
Naongeza sukari.

#17 MamaMbogaSae
Kumbe! Yuria kiganja kwenye kiroba? Mwanangu ulikuwa unalima nyanya au unanenepesha nguruwe.

#18 SamadiHalali
Nimemaliza kazi yangu. Yuria ni asilimia 46 naitrojeni. Kiroba kile kinataka kijiko cha chai, tena umekiyeyusha kwenye maji, tena mmea ukiwa mdogo. Ukishaanza kuchanua unaacha, unapeleka jivu. Jivu lina potashiamu, ndiyo ya maua na matunda. Na jivu nalo usilimwage kama unazika moto, kiganja kimoja kwa mwezi kinatosha.

#19 KijanaWaIlomba
Huyo boda anamwagilia Jumamosi tu na anaondoka na chainizi za Jumapili. Tusisikilize sana.

#20 BodaYaKabwe
Na dada wa saluni anamwagia maji ya kuoshea nywele za wateja, hilo mbona hujaliandika?

#21 MrinaWaChunya
Nimewasoma wote, mmemsahau nyuki. Baridi hii nyuki hatoki mzingani mpaka jua likolee, na uani kwa sementi anafuata nini? Ua lisilotembelewa linadondoka. Mimi huku Chunya kwenye mizinga yangu naona kabisa, matikiti ya jirani yanabeba kuliko ya walio mbali.

#22 dogo_wa_SUA
Kwenye matikiti na maboga uko sahihi kabisa, yale yana ua dume na ua jike mbalimbali, lazima awepo mbebaji. Nyanya ni tofauti. Ua moja lina vyote viwili, linajichavusha. Linachotaka ni kutikiswa, chavua imwagike kutoka ndani ya kile kimirija cha njano. Shambani upepo unafanya. Tena nyuki wa asali si fundi wa nyanya. Fundi ni yule dudu mweusi mnene anayetoboa mbao za paa: anang'ang'ania ua halafu ananguruma mpaka chavua inadondoka. Uani palipozungushiwa ukuta pande zote hakuna upepo wala dudu, kwa hiyo mtikise nyie. Kwenye saa nne au saa tano asubuhi umande ukiwa umekauka, gonga kikonyo kwa kidole, kama unamwamsha mtoto.

#23 MrinaWaChunya
Sawa, lakini niachie nyuki wangu kwenye matango.

#24 KijanaWaIlomba
Nimemsomea fundi simu bandiko la 22. Ametoka ndani na kasimu ka tochi kasiko na kioo, kakiweka kwenye mtetemo, akakagusisha kwenye kikonyo, akaniambia nimpigie. Nimepiga. Ua limetetemeka na kwenye ukucha wake imeonekana vumbi ya njano kama unga wa dona uliochujwa sana. Tumepiga simu mara kumi na tisa. Jirani anatuchungulia juu ya ukuta.

#25 MnyaluMtata
Mbeya mmeshindikana. Sasa nyanya ikikataa kupokea?

#26 BodaYaKabwe
Inakupigia ikiwa na salio.

#27 MvuaYaTukuyu
Ugonile. Huku kwetu mvua haituachi, kwa hiyo maradhi ya maji ninayajua. Swali moja: hivyo viroba vilikuwa vya nini kabla? Vile vya mbolea vina nailoni ndani. Usipoitoa au kuitoboa, maji yanakaa chini kama kisima na mizizi inakosa hewa. Juu utaona udongo mkavu, unaongeza maji, kumbe chini ni uji. Chukua kijiti, kichomeke hadi chini, kivute, kinuse. Kikinuka kama mtaro, acha kubishana na mzee wa watu kuhusu jua.

#28 KijanaWaIlomba
Nimechomeka vyote 14. Tisa vizuri. Vitano vina nailoni na vinanuka. Nimetoboa kwa msumari wa moto, maji meusi yametoka nusu ndoo.

#29 SamadiHalali
Maji meusi hayo ni yuria yako inaondoka, ishike mkono uiage.

#30 BiMkubwaKihesa
Wanangu mnagombana vizuri. Naongezea la kiroba maana nalima hivi Kihesa, Iringa, na shoga zangu watatu tangu tustaafu.

Kiroba kikubwa kinataka uti wa mgongo. Chukua kopo la maziwa la kilo mbili, toa kitako pande zote mbili libaki bomba. Lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, halafu jaza udongo kulizunguka. Ukifika ukingoni mwa kopo unalivuta juu, kokoto zinabaki, unajaza tena. Hivyo hivyo mpaka mdomoni. Unapata nguzo ya mawe katikati, ukimwaga maji juu yanateremka na kusambaa hadi chini, wala hayatuami. Ubavuni unatoboa matundu unachomeka mchicha na mnavu, juu ndipo panakaa mmea mkubwa. Kiroba kimoja kinatulisha mboga mara mbili kwa wiki.

Nyanya tulijaribu mara moja. Tulipata. Zilikuwa chungu kidogo. Tangu hapo tumehamia stroberi kwenye bomba la maji ya mvua lililokatwa katikati, na pasheni kwenye seng'enge. Stroberi zinaipenda baridi. Shida ni konokono, na mjukuu wangu.

#31 Babu_Ugoro
Kwa wadudu chemsha tumbaku, ipoe, nyunyiza. Vidukari wote wanaanguka.

#32 dogo_wa_SUA
Babu, heshima yako, lakini usipeleke tumbaku kwenye nyanya. Ni ukoo mmoja, pamoja na viazi mviringo, bilinganya, mnavu na mgogwe. Kuna kirusi cha tumbaku kinachochora majani madoa madoa, na kinasafiri mpaka kwa mikono ya mvuta sigara. Sabuni ya kipande kidogo kwenye maji inatosha kwa vidukari.

#33 BodaYaKabwe
Kwa hiyo maji ya saluni ni dawa?

#34 dogo_wa_SUA
Sabuni kijiko kwenye ndoo, kwenye majani, siyo beseni zima la shampuu na dawa ya nywele kwenye mizizi! Hayo mwagieni sementi.

#35 MamaMbogaSae
Maana nilishaanza kujiuliza kwa nini majani yao yanang'aa.

#36 Mwana_wa_Makambako
Msisahau kuwa bakajani ikija hamtaulizana maua tena. Ni ule ule ukungu unaomaliza viazi, baridi na unyevu ndiyo chakula chake. Mwagilieni chini, asubuhi, majani yasilale na maji. Mimi mwaka juzi ndoo kumi ziliungua kwa siku tatu, mbele ya macho yangu. Sikupanda tena.

#37 Mjukuu_wa_Bibi
Nitachekwa lakini nasema. Bibi yangu alikataza kuhesabu maua. Ukihesabu, yanadondoka. Mleta uzi bandiko la kwanza kahesabu 23.

#38 SamadiHalali
Aliyahesabu yakiwa yameshadondoka.

#39 Mjukuu_wa_Bibi
Kwani kabla ya hapo hakuwa akihesabu? Muulize.

#40 KijanaWaIlomba
…nilikuwa nahesabu.

#41 NapitaTu
Bibi 1, SUA 0.

#42 MamaMbogaSae, 6 Agosti
Mleta uzi umeingia mitini. Mrejesho uko wapi? Na mwenye nyumba amesemaje kuhusu bili ya maji?

#43 KijanaWaIlomba, 3 Septemba
Mrejesho wakuu, samahani kwa kuchelewa.

Mwenye nyumba kwanza. Alitaka tuondoe kila kitu. Dada wa saluni akampelekea mama mwenye nyumba chainizi na figili wiki mbili mfululizo, sasa gari linaegeshwa nje na ukuta wa kaskazini ni wetu. Bili tunachanga.

Viroba nane tumevihamishia huko. Tuliviburuta juu ya gunia tukiwa wanne, kimoja kilipasuka njiani na mche wake ukafa. Sita vimebaki nyuma. Yuria nimeacha, jivu nimeweka. Maji ya saluni yanaenda mtaroni. Fundi simu anapiga simu zake kila asubuhi ila Jumapili. Na sihesabu maua.

Tuna nyanya saba. Ukubwa wa golori, moja imefikia yai la kanga. Ninachoshindwa kuelewa: tano ziko kwenye ukuta wa kaskazini, lakini mbili ziko kwenye kiroba kilichobaki nyuma, kivulini, tena kimoja cha vile vilivyokuwa vinanuka.

#44 MzeeWaForest
Tano kwa mbili, na viroba saba kwa sita. Nimeridhika.

#45 MvuaYaTukuyu
Hizo mbili ni zangu. Ndaga fijo (asanteni sana).

#46 dogo_wa_SUA
Wakuu, ni Septemba. Usiku umepanda joto na jua limerudi karibu na utosi, hata nyuma ya nyumba sasa linafika. Zingezaa hata msingefanya lolote.

#47 MamaMbogaSae
Ndivyo nilivyosema bandiko la 3, bila kipimajoto.

#48 SamadiHalali
Baridi imeisha na yuria imeisha, mwezi mmoja. Mtaapaje ni ipi? Mwakani weka kiroba kimoja chenye yuria kama shahidi.

#49 BodaYaKabwe
Tusiweke shahidi, tuweke ratiba. Nyanya saba kwa watu wanne zinagawanywaje? Mimi nimebeba mbegu, udongo, na hiyo yuria.

#50 KijanaWaIlomba
Halafu wakuu, ile ya yai la kanga leo nimeigeuza, kitakoni ina doa la maji, kahawia, kama shilingi. Si dudu, hakuna tundu.

#51 BiMkubwaKihesa
Saga maganda ya mayai.

#52 MvuaYaTukuyu
Mayai ya nini, ni umwagiliaji wa leo ndiyo kesho hapana. Jumamosi ni zamu ya nani?

#53 BodaYaKabwe
Naomba nisitajwe.